Ubeti wa Pili wa Chiriku

Neno la mwisho ambalo Chiriku aliambiwa na mkewe lilikuwa lile la kila siku: "Ubeti wa pili umelegea, mume wangu." Kisha mke akaenda kuokota mtama, mwewe akamnyakua.

Tangu msiba huo, kila wimbo wa Chiriku ulisifiwa msitu mzima. Akaingiwa na shaka. Walipenda nyimbo zake, au walimhurumia mgane?

Siku moja akaimba ovyo kwa makusudi, akisahau maneno na kupayuka. Kanga akafuta machozi. Kasuku akasema, "Nguli, wimbo kama huu sijapata kuusikia."

Chura peke yake aliguna dimbwini. "Ubeti wa pili umelegea. Na wa kwanza haufai."

"Wivu huo," Kasuku akamkemea.

"Nimwonee wivu mwimbaji, mimi mwenye sauti hii?"

Chiriku akamkazia macho Chura. "Nani amekufundisha maneno ya mke wangu?"

"Sikufundishwa, bwana. Nina masikio."

Kesho yake asubuhi Chiriku aliwapita mashabiki waliokuwa wakimngoja mtini, akatua ukingoni mwa dimbwi, akauimba upya ubeti wa pili, kisha akangoja.