Tarehe ya Huruma

Jelagat alishuka treni Erdington akiwa na tarehe ya kweli na tarehe ya uongo, na bado hajaamua atoe ipi. Alipita maduka ya High Street polepole huku mvua ikimnyeshea, akitamani njia iwe ndefu zaidi.

Aliyekuwa akimngoja ni Bwana Han, Mkorea wa miaka themanini na minane, mstaafu wa kiwanda cha magari. Walifahamiana Jelagat alipotoa mhadhara maktaba ya mjini kuhusu utafiti wake wa shahada ya uzamivu: Korea Kaskazini mwaka 1956, pale wakubwa kadhaa wa chama walipomkosoa kiongozi wao mkutanoni, wakashindwa, kisha wakakamatwa. Watu walipotawanyika, mzee alimfuata akamtajia jina la baba yake, aliyekuwa naibu waziri. Jelagat alilijua. Vitabu vyote vilimhesabu miongoni mwa waasi.

Ombi la mzee lilikuwa dogo. Kwao, mtoto wa kiume humwandalia mzazi chakula kila mwaka siku aliyofariki, akamwita na kumwinamia. Han hakuijua siku hiyo. Maisha yake yote alitumia siku iliyotengewa wafu wasiojulikana walikufa lini, na ilimuuma kumlisha baba yake kwenye foleni ya wageni.

Basi Jelagat alichimba. Aliipata tarehe katika nyaraka za ubalozi mmoja wa zamani wa Ulaya Mashariki, na ikamvunja moyo. Naibu waziri hakuwahi kuasi. Kwenye ule mkutano alikuwa upande wa kiongozi, na baadaye akapandishwa cheo. Kilichomponza ni mwanawe, Han huyuhuyu, wakati ule mwanafunzi kule Budapest, aliyetorokea Vienna, upande wa Magharibi, Novemba ile. Baba alipigwa risasi tarehe tatu Februari mwaka uliofuata, na kosa lililotajwa lilikuwa hilo tu.

Msimamizi wake chuoni alifurahi mno. Historia nzima ya makundi yaliyogombana chamani, alisema, itabidi ifikiriwe upya. Maprofesa hufurahia misiba ya watu wakiikuta kwenye faili. Jelagat alikwenda chooni akalia.

Roselyne, nesi aliyepanga naye nyumba Great Barr, hakuona ugumu wowote.

"Kwani ukienda kuambia mtu wa kwetu mamake ameaga, unaanza na details?" aliuliza. "Unamwambia tu mama ni mgonjwa sana, akuje home. Huyo ni mzee, Jela. Mpe date ya kabla atoroke, afe na peace."

Ndivyo walivyolelewa wote wawili. Habari ya kifo hupunguzwa makali njiani, na anayeifikisha ikiwa nzima huonekana hana utu.

Han alifungua mlango akiwa amevaa suti na tai. Mezani alikuwa ameweka kalenda na kalamu. Jelagat alipoiona ile suti, iliyopigwa pasi vizuri na mtu anayeishi peke yake, aliamua palepale.

"Ni tarehe ishirini Septemba, mwaka hamsini na sita," alisema. "Walimchukua pamoja na wale waasi, mzee. Hakuna ambacho ungeweza kufanya."

Han aliketi. Aliinamisha kichwa, kalamu hakuigusa. Jelagat alidhani ni nafuu inamshukia, akamwekea mkono begani, naye mwenyewe akapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alimhurumia kwa dhati. Angekuwa baba yake mzazi, asingemdanganya kwa upendo zaidi.

"Krismasi ya mwaka ule," Han alisema taratibu, "chama kilimtuma baba Vienna aje anirudishe. Tulikula supu pale stesheni. Aliniambia nisirudi, akapanda treni peke yake."

Jelagat aliuondoa mkono begani mwake.

"Sababu naijua tangu siku ile, binti yangu," mzee alisema. "Mimi nilikuomba tarehe."