Kichwa cha Udongo Mbichi

"Kichwa kimeamkaje?"

Kila asubuhi Teodora aliuliza hivyo kabla hata hajaketi. Getruda alifunua gunia lililoloweshwa, akatazama, akamjibu, "Kipo, mama. Kinatisha vilevile."

Kilikuwa kichwa cha mtu, cha udongo, kikubwa kuliko cha kweli. Kwenye banda lao pale Igoma kila mwanakikundi alikuwa na kazi yake. Wote risasi za majambazi zilikuwa zimewaachia ulemavu, miaka ile silaha zilipokuwa zikivuka mipaka, na duka likifunguliwa leo, kesho linavamiwa. Getruda, aliyekatwa mguu, alichora. Wengine walifinyanga. Jumamosi wangepanga kazi zote stendi, watu waone bunduki inamfanya nini binadamu. Polisi nao walishakubali kuja.

Teodora ndiye aliyewatia watu baridi. Gobore lilimuua mumewe Shimba mlangoni mwa duka lao, na marisau, zile risasi ndogondogo, yakampofusha Teodora macho yote mawili. Sasa alikuwa amesimama kanisani na kutangaza: "Aliyetupiga nilikuwa naye karibu hivi. Jumamosi mtamwona."

"Umejiitia kifo, mama," Getruda alimwambia. "Basi angalau tununue kufuli."

"Kufuli la nini? Nani aibe udongo?"

Jamani, huyu mama! Kwao walikuwa wafinyanzi tangu bibi zake, lakini alichokuwa akifanya hakikueleweka. Kazi za wenzake zilishakauka, zinasubiri moto. Yeye alikilowesha kichwa chake asubuhi na jioni. "Bado," alisema. "Hakijakamilika."

Hata Luhende hakuelewa. Kijana huyu mguu wake ulipigwa risasi usiku uleule wa duka, akikimbia kuita msaada, kama alivyosimulia mwenyewe. Alimwita Teodora mkwe, kwa kuwa ukoo wake ulioa kwao, na Msukuma hampi mama mkwe mkono. Wanakikundi wengine walimpa Teodora mikono kila siku. Luhende alimwamkia kwa mbali, ameinama, mkono umeng'ang'ania fimbo yake ya kutembelea. Akimvusha barabara alimshikisha ncha ya fimbo hiyo. Watu walisema, kijana amelelewa huyu.

"Mkwe, kweli sura yake unaikumbuka?" alimuuliza Alhamisi. "Si kulikuwa na giza?"

"Taa ya chemli ilikuwa inawaka, baba."

"Mungu mkubwa," Luhende akasema.

Ijumaa asubuhi gunia lilikuwa mahali pake, limefunikwa vizuri kabisa. Getruda alilifunua akapiga yowe. Uso haukuwepo. Mtu alikuwa ameingia akaukandamiza kwa kiganja, kwa nguvu zake zote, hata pua na macho vikazama ndani.

Wenzake walilia waziwazi. Jasho lote lile, lo! Askari aliyeitwa alikuja, akatazama, akasema ushahidi ndio umekwenda hivyo, yeye afanye nini? Luhende alisimama mlangoni, akisikitika kuliko wote.

"Asikiguse mtu," Teodora alisema.

Alisogea akapapasa lile shimo. Kisha akaingiza kiganja chake ndani, taratibu, kila kidole akikitafutia mahali pake. Udongo ulikuwa bado laini. Vidole vinne vilikuwa vimenyooka. Cha mwisho kilikuwa kimepinda, hakikuwa kimenyooka hata kidogo.

"Pole, mama yangu," Getruda alisema. "Utaufinyanga tena. Si uso wake unaukumbuka?"

"Uso sikuuona kamwe, mwanangu. Alikuwa amejifunga kitambaa. Nilimshika mkono, kidole cha mwisho kimepinda hivihivi, nikaung'ang'ania mpaka gobore likalia."

Akageukia mlangoni.

"Mkwe, leo iweke chini hiyo fimbo. Njoo unipe mkono."