Gundi ya Makamu

Kitabu cha michoro ya Italia ya kale kilirudi kutoka ofisini kikiwa kimenenepa. Mwalimu Salhina alikifungua mbele ya kidato cha tatu. Kila mwili uliokuwa uchi ulikuwa umebandikwa karatasi ya kaki, ile ile ya kujalidia madaftari.

Ukurasa wa arobaini, mchoraji alikuwa amemweka mama gizani akinyonyesha, mwanga wote ukimwangukia kifuani. Sasa mtoto alikuwa ananyonya kaki.

Wanafunzi walicheka, isipokuwa Pendaeli wa dawati la mlangoni. "Mwalimu, huyu atakufa njaa," alisema.

Salhina aliibandua karatasi kwa ukucha, taratibu. Ilitoka na rangi. Palipokuwa na titi pakabaki doa jeupe, na kitabu kilikuwa hicho kimoja shule nzima.

Makamu mkuu wa shule alikuwa amesimama mlangoni. "Mimi nimewasitiri watoto, Mwalimu. Aliyechana ni wewe."

"Umemwachisha mtoto ziwa kwa gundi," Salhina alisema bila kumgeukia. Akawauliza wanafunzi, "Nani hajawahi kumwona mama akinyonyesha?"

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Basi chukueni penseli. Mchoreeni mtoto ziwa lake."

"Atakayechora nitamwona ofisini," alisema Makamu.

Kisha Pendaeli akatoa wembe, akaanza kuchonga penseli yake bila haraka, na maganda yakawa yanaangukia juu ya viatu vya Makamu.