Pengo la Jina

Kwa mara ya tatu wiki hiyo mkewe alikuja maktaba, na hakuja kwake.

Fundi wa kukarabati vitabu alimwona kupitia kioo cha karakana, akipita moja kwa moja hadi kwenye meza ya mtafiti, yule mtanashati aliyekuwa akisaka chimbuko la sala za Kikristo za kuwaombea wafu, kitabu kwa kitabu, karne kwa karne. Wivu ulimpanda fundi. Gundi ikamkaukia kwenye brashi.

Tangu lini mke wake akapenda sala za kale? Mwanamke ambaye hata kanisani husinzia!

Jumatatu mtafiti alikuwa amemwonyesha fundi ukurasa mmoja wa ngozi, akijifanya mwalimu. "Hapa katikati pameachwa wazi, fundi. Akifa mtu, padri anatia jina lake. Sala ni ileile miaka elfu nzima, jina tu ndilo linalobadilika."

"Najua," fundi alijibu. Hakujua.

Na nyumbani mke amekuwa asali. Tangu amchukulie majibu yake hospitalini ("Vidonda vya tumbo tu, baba watoto"), anampikia uji mwororo, na juzi alimtobolea mkanda tundu jipya, la tatu, bila hata kumtania. Fundi hakuwa mjinga. Kikulacho ki nguoni mwako.

Akajibanza nyuma ya rafu, akisikiliza.

"Nilitaka ile ya mwanzo kabisa," mkewe alinong'ona. "Kabla watu hawajaipaka rangi."

"Nimeipata, na nimekutafsiria. Yeye ana habari?"

"Hajui lolote. Nitamwanzaje, shemeji?"

Shemeji! Fundi alisaga meno.

"Na ni lini?"

"Wamesema haitapita mwezi huu."

Kumbe wanatoroka! Hiyo sala ilikuwa fumbo lao tu. Akamwona mkewe akiazima kalamu ya mtafiti, akiandika kitu kifupi kwenye karatasi, kisha akiikunja na kuitia mkobani.

Alimkuta kwenye ngazi, akampokonya mkoba. "Leo mbivu na mbichi zitajulikana!"

Mkewe aliketi palepale kwenye ngazi, akafunika uso kwa mikono.

Fundi akaikunjua karatasi. Ilikuwa sala kweli, fupi, imepigwa chapa vizuri. Pale katikati palipoachwa wazi, kwa wino ambao haujakauka, mkewe alikuwa ameandika jina la mumewe.