Akaunti ya Mama Mkwe

"Mwanangu, Mungu akulinde na ugonjwa huo," ujumbe ulisema, na Emérance akazidi kushuku. Mama mkwe wake hakujua kuandika. Miaka yote alimtumia mwanawe Bisimwa sauti kutoka Bukavu, sauti ndefu za kubariki na kugombeza. Tangu baridi ianze, sauti zilikatika. Yalikuja maandishi tu.

Emérance alikuwa jikoni kwao Lidcombe, Sydney yote ikiwa imefungwa, simu ya mumewe mkononi. Bisimwa hakuwahi kuwa mtu wa kuandika. Majibu kwa mama yake siku zote aliyaandika Emérance, naye mama akisomewa na watu wa nyumbani.

Jumapili, kwenye ibada ya Zoom, Shemasi Vénérand alikuwa ameonya kwamba wezi wanateka akaunti za wazee. Ukiona mtu anakwepa video na visingizio haviishi, alisema, jua si yeye.

"Nipigie video, mama," Emérance aliandika.

"Mtandao wa huku mbovu. Wewe je, mbona sauti yako siisikii siku hizi?"

"Niko zamu, mama. Kazini hawataki simu."

Ketsia, binti yake, alichungulia begani kwake. "Hiyo ni feki, Mama. Report tu." Akamtazama mama yake kama mwenye neno jingine, akalimeza, akarudi kwenye masomo yake.

Kilichomtatiza Emérance ni kwamba mwizi huyu hakuomba kitu. Aliuliza tu kama mwanawe amekula, kama anavaa barakoa. Hilo lilimuuma zaidi: mtu kujivika mapenzi ya mama wa wenyewe. Akamtega.

"Nilipokuwa mdogo nikiugua, uliniita jina gani?"

Kidole cha Emérance kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kuripoti jibu lilipoingia.

"Nisamehe, kaka. Ni mimi, Ange, mdogo wako. Mama alifariki mwezi wa sita. Kabla ya kukata roho alisema usiambiwe. Mipaka imefungwa, huwezi kuja kuzika, majonzi yatakuua. Ndiyo maana nikaandika badala yake. Sasa tumebaki na wewe tu."

Emérance aliteremka sakafuni akalia, mpaka Ketsia akaja kumshika mabega. Kisha akajifuta uso, akaishika simu, akaandika kama alivyokuwa akiandika tangu wamzike Bisimwa:

"Nyamaza, mdogo wangu. Mimi ni mwanaume, nitajikaza."