Kapa Kwenye Chapati

Ukinibishia, waulize majirani zangu hapa Same, maana wao ndio waliokula ushahidi. Siku hizi picha zote huchorwa na mashine ya serikali, na kila mtu amevishwa bangili inayolia na kuwaita askari akitazama picha iliyochorwa kwa mkono. Yangu niliichemsha na maharage, ikanyamaza. Majirani wakaja kuazima sufuria.

Mimi ni mstaafu wa posta, nilijifunza mwenyewe kuchonga vibao vya picha kama Wajapani wa kale. Serikali ilipotunyang'anya karatasi, nikavipaka maji ya bitiruti nikagandamiza chapati. Chapati moja, ukurasa mmoja wa manga yangu, hadithi ya picha ya Kijapani: Kapa, zimwi la mtoni lenye bakuli la maji utosini, ameletwa ainame mbele ya mfalme. Akiinama, maji yatamwagika na nguvu zitamwishia.

Leo asubuhi akaja mkaguzi Mshana.

"Shikamoo, mama. Naambiwa unachora."

"Marahaba, baba. Napika tu. Onja."

Aliigeuza chapati, akaitazama mno. Bangili yake ikaanza kulia. Akaitia chapati yote mdomoni, bangili ikazidi kulia.

"Mama, umeniponza!"

"Nani alikutuma usome?"

Gari la askari likasimama nje. Mshana akatia komeo mlangoni, akavuta kigoda.

"Kabla hawajauvunja," akanong'ona, "huyo Kapa aliinama?"

Nikapaka bitiruti kibao cha mwisho.

"Kaa wima, baba, uone."