Mchele wa Kuchambua

Siku hizi mita huhesabu watu waliomo ndani ya nyumba, kisha hugawa umeme wa jua kwa vichwa. Vichwa viwili havitoshi kuendesha mashine ya kupumulia. Ndiyo maana Mashavu, ambaye mumewe Kitwana anapumua kwa mashine hiyo, anaishi kwa kutegemea wageni.

Majirani huja kumjulia hali mgonjwa, na mgeni haondoki bila kula. Basi Mashavu huchelewesha chakula. Adhuhuri hiyo wanawake wanne walikuwa mkekani sebuleni, naye yuko jikoni akichambua mchele aliokwisha kuuchambua.

Mmoja wao, Tunu, jirani wa ukuta kwa ukuta, akamfuata.

"Shoga, hata maji hujabandika."

"Nisamehe, dada. Wakila tu, wataondoka."

"Najua. Chambua taratibu." Tunu akachota mchele, akaanza kuchambua naye. "Mama amefariki alfajiri."

Mashavu akaacha kuchambua, akamgeukia. "Mama yako? Nawe umekaa hapa?"

"Nikipiga yowe, wote hawa watahamia kwangu matangani. Kitwana atapumua kwa vichwa vya nani?" Tunu hakuinua macho. "Maiti haisubiri, alasiri lazima niseme. Mpaka hapo, sijafiwa."

Mashavu alitaka kumpa pole. Akasikia wale watatu wakicheka sebuleni, na nyuma ya vicheko, mashine ikivuta pumzi na kuitoa. Akaufunga mlango wa jikoni wasije wakasikia habari ya msiba, kisha akaurudisha mchele kwenye ungo, akaanza upya.